Ua la Usambara lenye majina maelfu: aina mpya ya mmea hupataje jina, na jina hilo linampa nani haki?

Kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, Urusi, Japani na Marekani kuna chungu kidogo chenye ua la zambarau na majani ya manyoya yaliyojipanga duara kama sahani. Wenye ua hilo huliita urujuani wa Afrika, na wengi wao hawajui ni Afrika ya wapi. Sisi tunajua. Asili yake ni Usambara, Nguru, Uluguru, Taita na vilima vichache vilivyo karibu na pwani ya Tanzania na Kenya, kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu. Mtu aliyekulia Muheza au Lushoto anaweza kuwa amelipita mara nyingi akienda kisimani bila kuligeukia.

Huko ughaibuni karibu kila chungu cha maana kina jina lake. Hatuzungumzii jina la ua kwa ujumla, bali jina la aina yenyewe, kama sisi tunavyosema Lyamungu 90 kwa maharage au SARO 5 kwa mpunga. Majina ya aina za ua hili yameandikwa kwa maelfu katika daftari moja linalotunzwa Marekani. Msikilizaji akisikia hivyo huuliza mara moja: kwa hiyo Wamarekani ndio wenye ua letu? Jibu ni hapana, lakini hapana hiyo inahitaji maelezo. Na maelezo yenyewe yanamhusu hata mkulima ambaye hajawahi kupanda ua, kwa sababu mwenye ua jipya na mwenye maharage mapya hukutana na swali lile lile: je, kupewa jina ni sawa na kupewa haki?

Mbegu zilizosafiri mwaka 1892

Aliyeufikisha mmea huu Ulaya ukakua ni Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa akisimamia eneo la Usambara. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake huko Ujerumani, mzee aliyependa sana kukusanya mimea. Baba naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliandika maelezo ya mmea huo na kuupa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa familia ya Baron. La pili limetoka Kigiriki, na maana yake ni wenye maua kama ya urujuani. Kwa kweli mmea huu hauna undugu wowote na urujuani wa Ulaya. Rangi tu ndiyo iliyofanana.

Baron hakuwa mgeni wa kwanza kuuona. John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikwisha kupeleka sampuli kwenye bustani ya Kew, London, mwaka 1884. Mmisionari W. E. Taylor naye alikusanya mingine upande wa Giriama na Shimba mwaka 1887. Lakini sampuli hizo hazikutosha kuandikia maelezo kamili, kwa hiyo hazikuzaa jina. Na kabla ya hao wote walikuwako wenyeji, waliozaliwa na kufa wakiishi jirani na ua hilo. Hapo ndipo unapoona kanuni ya kwanza ya majina ya mimea, kanuni isiyo na huruma: jina la kitabuni halimwendei aliyeona kwanza wala aliyeishi na mmea kwa vizazi. Linamwendea aliyeandika maelezo na kuyachapisha.

Baadaye wataalamu walipata mimea mingine ya ukoo huo, na vijiji vyetu vikaingia katika Kilatini: shumensis kutoka Shume, magungensis kutoka Magunga, amaniensis kutoka Amani, tongwensis kutoka mlima Tongwe, na teitensis kutoka Taita. Baadhi ya majina hayo yameunganishwa baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa mimea ni ya spishi moja. Mwaka 2015 wataalamu walikwenda mbali zaidi: wakaingiza jenasi nzima ya Saintpaulia ndani ya jenasi nyingine kubwa iitwayo Streptocarpus. Wapenzi wa ua hili wengi bado wanatumia jina la zamani, na hatuwalaumu.

Miche kumi ya Los Angeles

Majina ya kisayansi ni ya mimea ya porini. Majina ya aina za bustanini ni habari nyingine, na yalianza hivi.

Mwaka 1926 kitalu cha Armacost and Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu za urujuani wa Afrika kutoka Ujerumani na Uingereza. Wakaotesha miche mingi, wakaichambua mmoja mmoja, na mwishowe wakabakiza kumi tu iliyowapendeza. Mwaka uliofuata wakaanza kuiuza. Mmoja wao waliuita 'Blue Boy', na huyo ndiye aliyeenea zaidi. Mamia ya aina zilizofuata, pamoja na zenye petali nyingi, zina damu yake.

Hapa kuna jambo ambalo kila mkulima wa mahindi chotara atalielewa haraka. Ukichukua mbegu ya 'Blue Boy' ukaiotesha, utakachopata si 'Blue Boy'. Ni mtoto wake, mwenye sura yake mwenyewe. Ukitaka 'Blue Boy' halisi, unakata jani lenye kikonyo, unalichomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa chini ya kikonyo hutokea miche midogo inayofanana na mama kwa kila kitu. Kwa hiyo mche mmoja wenye rangi nzuri, uliotokea mara moja tu katika historia, unaweza kuwa mimea milioni iliyotapakaa duniani, yote ikiwa ni kitu kile kile. Hiyo milioni ndiyo inayohitaji jina moja.

Na bila utaratibu, mambo huharibika upesi. Muuzaji mmoja anasahau jina na kubuni lake. Mwingine ana ua jeupe analiita jina ambalo mwenzake wa mji wa pili amelipa ua jekundu. Mnunuzi anaagiza kwa posta, analipa, anasubiri mwaka mzima, na ua likichanua si lile. Mtu wa kijijini hahitaji kuelezwa sana hadithi hiyo. Kenya maharage yanayojulikana kwa wataalamu kama GLP 2 huitwa Rosecoco kwenye soko moja na Nyayo kwenye soko jingine. Tanzania mpunga ulioandikwa TXD 306 ndio huo huo SARO 5, na kuna mkulima aliyewahi kukataa mfuko wa mbegu akidhani anapewa mpunga mwingine.

Mwaka 1946 wapenzi wa urujuani wa Afrika walianzisha chama chao huko Atlanta, Marekani. Chama hicho ndicho kinachotunza daftari la majina ya aina za ua hili kwa dunia nzima.

Nani aliyewapa kazi hiyo?

Swali zuri. Hawakujipa wenyewe. Kuna kanuni za kimataifa za kutaja mimea ya kupandwa, zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Chini ya kanuni hizo, Jumuiya ya Kimataifa ya Sayansi ya Kilimo cha Bustani, yenye makao yake Ubelgiji, huteua msajili mmoja kwa kila kundi la mimea. Urujuani wa Afrika ulipewa chama cha wapenzi wake cha Marekani. Waridi yako chini ya chama cha waridi cha huko huko Marekani. Okidi, mayungiyungi na rododendroni yako chini ya chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza.

Rododendroni ni mfano mzuri wa ukubwa wa kazi yenyewe. Hivi ni vichaka vya maua makubwa vyenye asili hasa ya milima ya Asia, na maua yaitwayo azalea yamo ndani ya jenasi hiyo hiyo, ingawa wauza maua huyatenga. Chama cha Uingereza kilikabidhiwa usajili wake mwaka 1955 na kutoa kitabu cha kwanza cha majina mwaka 1958. Kitabu cha mwaka 2004 kina majina zaidi ya 20,000. Kwa kuwa azalea na rododendroni ni jenasi moja, jina likitumika kwa azalea haliwezi kutumika tena kwa rododendroni. Fikiria basi mtu wa kitalu aliyelea mche wake miaka kumi, kila jina zuri analolifikiria anaambiwa lilichukuliwa tangu enzi za babu yake.

Jina zuri, jina baya

Kanuni za jina la aina mpya si ngumu, lakini zina mambo ya kushangaza.

Tangu mwaka 1959 aina mpya hairuhusiwi kupewa jina la Kilatini. Kilatini kimeachiwa spishi za porini, na aina ya bustanini ipewe jina la lugha inayozungumzwa. Kiswahili kinaruhusiwa, sawasawa na Kijapani au Kirusi. Tena kanuni inataka jina libaki kama lilivyotolewa. Ukilisajili ua lako kwa jina 'Mwanga wa Mlalo', muuzaji wa Ujerumani anaweza kuligeuza kwa Kijerumani kwenye tangazo lake, lakini jina halali la aina hiyo linabaki la Kiswahili popote liendapo. Binafsi tunaipenda sana kanuni hii.

Jina lisizidi herufi 30. Huandikwa kati ya alama za nukuu moja moja, na kila neno muhimu huanza kwa herufi kubwa. Ndiyo maana tumeandika 'Blue Boy' hivyo. Ukiona alama hizo kwenye lebo ya mmea, ujue unasoma jina la aina, si maneno ya kusifia.

Maneno kama aina, chotara, mchanganyiko, mseto au iliyoboreshwa hayaruhusiwi kuwamo katika jina, kwa lugha yoyote ile. Sababu yake ni ya busara: iliyoboreshwa leo, kesho kutwa itakuwa ya zamani, na jina litabaki likidanganya. Vivyo hivyo jina lisitie chumvi. Huwezi kuliita ua lako kwa maneno yanayosema ndilo bora kuliko yote au la kwanza kuchanua kuliko mengine. Wala huwezi kuliita 'Jekundu' basi, kwa sababu hilo ni sifa, na maua mekundu ni mengi. Ukitaka kutumia jina la mtu aliye hai, iwe mama mkwe wako au mbunge, ni vizuri na ni heshima kumwomba ruhusa kwanza.

Lililo kuu kuliko yote ni kwamba jina lisiwe limetumika tayari katika kundi hilo, hata kama mmea uliolibeba umekwisha kupotea. Jina la marehemu halirithiwi. Kwa sababu hiyo wazalishaji wengi, hasa wa Urusi na Ukraine, hutanguliza herufi za majina yao mbele ya jina la ua, ili 'Mvua' ya huyu isigongane na 'Mvua' ya yule.

Na jina halikamiliki kwa kulitamka. Ni lazima lichapishwe pamoja na maelezo ya mmea katika maandishi yenye tarehe. Msajili atakuuliza nani alizalisha, wazazi wa mmea ni nani kama wanajulikana, petali ni za safu moja au nyingi, pembe za majani zikoje, rangi ni ipi. Kwa urujuani wa Afrika atauliza pia upana wa mmea mzima. Ule usiozidi inchi 6 ni mdogo kabisa, wa inchi 6 hadi 8 ni mdogo kiasi, na unaozidi inchi 8 ni wa kawaida.

Kuhusu rangi, wazalishaji makini hawatumii maneno matupu. Sisi wenyewe hatukubaliani zambarau inaishia wapi na buluu inaanzia wapi. Chama cha bustani cha Uingereza huchapisha kadi zenye vipande vya rangi, kila kipande na namba yake. Unaweka kadi juu ya petali, unatafuta inayolingana, unaandika namba. Kadi hizo hutumika hata na wakaguzi wa aina mpya za mimea. Baadhi ya vituo hutunza pia mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ili miaka hamsini baadaye mtu akibisha, kuwe na shahidi.

Mambo ambayo msajili hayafanyi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tulieni kidogo.

Msajili wa majina hapandi ua lako aone kama kweli ni jipya. Hasemi kama ni zuri au baya. Hazuii mtu kulizalisha na kuliuza. Anachothibitisha ni kimoja: jina hili, kuanzia tarehe hii, ni la mmea wenye maelezo haya, na halitatumika kwa mwingine. Basi. Ni kama kuandikisha jina la mtoto. Cheti kinasema mtoto anaitwa nani na wazazi wake ni nani. Hakisemi kuwa hakuna mtu mwingine anayeweza kumtuma dukani.

Kwa hiyo Mmarekani mwenye aina 20 katika daftari hamiliki ua la Usambara. Hamiliki hata zile aina 20, ikiwa hakwenda kokote zaidi ya kwenye daftari. Yeyote mwenye jani anaweza kuotesha.

Usajili hauwezi pia kuushinda mmea wenyewe. Kuna urujuani wa Afrika wenye petali zenye mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama matairi ya baiskeli yenye spoki. Hizi ni aina ambazo tabaka za nje na za ndani za mmea hazifanani kwa asili. Ukizalisha kwa jani, utapata ua la rangi moja tu, mistari imepotea. Inabidi uzalishe kwa vichipukizi vya pembeni au kwa shina la ua. Ndiyo maana daftari linaeleza wazi kuwa aina fulani ni ya kundi hilo. Anayeuza miche ya jani chini ya jina la ua lenye mistari anauza jina bila ua, ajue asijue.

Mlango wa pili: haki ya mgunduzi

Anayetaka kulipwa kwa kazi yake ya kuzalisha aina mpya anabisha mlango mwingine kabisa, nao ni wa serikali. Hii ndiyo haki ya wagunduzi wa aina mpya za mimea. Msingi wake ni mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1961. Kenya ilijiunga mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015 baada ya kutunga sheria yake ya mwaka 2012. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2014. Kenya maombi hupelekwa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania Bara huenda kwa msajili wa haki hizo katika Wizara ya Kilimo.

Huku mmea unapimwa kweli kweli. Hupandwa shambani karibu na aina zinazofanana nao, mara nyingi kwa misimu miwili, na wakaguzi huangalia mambo matatu. Je, unatofautiana waziwazi na kila aina inayojulikana? Je, mimea yote ya aina hiyo inafanana? Je, ukizalishwa tena na tena unabaki vile vile? Ukifaulu, mwenye haki ndiye anayeamua nani azalishe na kuuza miche au mbegu za aina hiyo, kwa miaka 20 kwa mazao mengi na miaka 25 kwa miti na mizabibu. Haki inahesabiwa nchi kwa nchi. Haki ya Kenya haikulindi Uholanzi.

Sharti la nne ndilo linalowakata watu, nalo ni upya. Mmea hauhesabiwi kuwa mpya kama ulikwisha kuuzwa kwa ridhaa yako, nchini mwako, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Nje ya nchi unapewa miaka minne, au sita kwa miti na mizabibu. Maana yake ni kwamba mtu wa Tukuyu aliyepata mche wa ajabu akauza vipandikizi sokoni kwa misimu mitatu, kisha akasikia habari za haki hizi redioni, amechelewa. Jina anaweza kulisajili wakati wowote. Haki haimngoji.

Kuna gharama pia: ada ya maombi, ada ya majaribio, na ada ya kila mwaka ya kuitunza haki. Ukweli ni kwamba mlango huu ulitengenezwa na watu wenye makampuni. Kenya, katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya maombi ilihusu maua, hasa waridi, na waombaji wengi walikuwa wageni. Mashamba ya waridi ya Naivasha hulipa ada kwa kila mche kwa wagunduzi wa Ulaya. Mkulima mdogo anayezalisha ua moja la kufurahisha jirani anaweza kuona daftari la majina linamtosha, na hatakuwa amekosea. Mwenye maharage yanayostahimili ugonjwa na yanayotafutwa wilaya nzima, huyo afanye hesabu upya kabla hajafungua mfuko wa kwanza.

Yapo mengine mawili ya kutenganisha na haki hiyo. Ili mbegu ya mazao iuzwe rasmi, aina yake huhitaji kupimwa na kuidhinishwa. Tanzania kazi hiyo inamhusu TOSCI, na Kenya ni KEPHIS tena. Kuidhinishwa kuuzwa si kumilikiwa. Na nembo ya biashara nayo ni kitu cha tatu. Kampuni inaweza kuuza waridi kwa jina la kuvutia ambalo ni nembo yake, huku jina halali la aina likiwa maandishi madogo nyuma ya lebo. Waridi maarufu ambalo Wamarekani wanaliita Peace, yaani Amani, kwenye daftari ni 'Madame A. Meilland'. Mnunuzi wa miche asome maandishi madogo.

Na Usambara inapata nini?

Kwa aina za maelfu zilizokwisha kusajiliwa, hakuna fungu linalorudi milimani. Mbegu ziliondoka mwaka 1892, wakati ambapo hakuna aliyeulizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bayoanuwai, unaotambua kuwa kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za kijenetiki zilizo ndani ya mipaka yake, ulipitishwa mwaka 1992, miaka mia moja kamili baadaye. Haurudi nyuma kufidia yaliyotangulia. Unachofanya ni kwamba leo mtafiti au mfanyabiashara anayetaka kuchukua mmea wa msituni kwenda kuzalishia aina mpya anapaswa kuomba kibali cha nchi na kukubaliana jinsi faida itakavyogawanywa. Mgeni akifika kijijini akitaka majani au mbegu za mmea wa porini na hana karatasi, serikali ya kijiji ina haki ya kumuuliza maswali.

Huko msituni, mmea wenyewe uko mashakani zaidi kuliko majina yake. Unategemea kivuli. Miti mikubwa iliyo juu ya mwamba ikikatwa, jua hufika kwenye nyufa, unyevu hukauka, na ua hufa bila mtu kuligusa. Spishi nyingine zinaishi kwenye mlima mmoja tu duniani, kama ile ya Taita inayojulikana kutoka Mbololo. Wazalishaji wa ughaibuni bado wanazihitaji hizo za porini, kwa sababu aina za madirishani zimetokana na mimea michache sana na damu yake ni nyembamba. Kung'oa mmea kwenye hifadhi kama ya Amani bila kibali ni kosa, na huna haja ya kung'oa: miche ya bustanini inatosha kuanzia.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Kazi yenyewe inawezekana kwenye baraza la nyumba. Katikati ya ua kuna vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Pasua kimoja cha ua la baba, chukua vumbi lake, lipake kwenye ncha ya kijiti cha ua la mama. Ikishika, kitovu cha ua kitavimba na kuwa kitumba. Kisubiri kwa miezi kadhaa mpaka kinyauke, kisha pukutisha mbegu, nazo ni ndogo kama vumbi la ugoro. Zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia. Kuona ua la kwanza ni kama mwaka mmoja tangu kuotesha.

Miche mingi itakuwa ya kawaida. Ukipata mmoja usiofanana na mwingine wowote, usikimbilie jina. Uzalishe kwa majani, kisha uzalishe majani ya watoto wake, na wa wajukuu, uone kama sura haibadiliki. Muda wote huo andika kwenye daftari lako: wazazi, tarehe ya kupandikiza chavua, tarehe ya kuchanua, nani umempa jani. Piga picha ua likiwa mchana kwenye kivuli, si kwenye jua kali, na weka rula pembeni ya chungu. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha.

Kisha amua kuhusu haki kabla ya kuuza mche hata mmoja. Kama unaitaka, anza na Wizara ya Kilimo au KEPHIS, ukiuliza ada za mwaka huu na kama zao lako limo. Kama huitaki, tafuta jina, hakikisha halimo kwenye orodha ya chama kinachotunza daftari la mmea huo, jaza fomu yao, na utume. Vyama hivi hupokea maombi kutoka nchi yoyote, na fomu nyingi siku hizi hujazwa mtandaoni. Mahali pa kuandika lugha ya jina, andika Kiswahili, na chini yake eleza maana ya neno hilo, kwa sababu msajili atauliza.